Pipa tupu nalo lina bei

Mjini Lubumbashi kitu kilichokwisha kazi hakilali jalalani muda mrefu. Pipa tupu, mbao za paleti, gunia la unga, tairi lililopasuka: kila kimoja kina mtu anayekisubiri, na mtu huyo anajua bei yake. Wale wanaodai kwamba nyumba hupambwa kwa takataka bila kutoa hata franka hawajapita masoko ya Kenya au Katuba, mitaa ya mji huu. Gharama ni ndogo, ni kweli, lakini hupangwa na soko la vyuma chakavu, na soko hilo linasikiliza migodi.

Tuchukue shaba. Mwaka 2024 Kongo ilizalisha takriban tani milioni 3.3, ya pili duniani nyuma ya Chile, na mwezi Mei mwaka huohuo tani moja ilivuka dola 11,000 katika soko la London. Bei ya namna hiyo humfuata hadi kibandani fundi anayegonga sahani za shaba za kutundika ukutani. Waya uliochunwa ngozi humwendea mwenye mizani kwanza, fundi wa mapambo hupata masalio. Tena shaba ina sifa mbaya: nyaya za SNEL, shirika la umeme la taifa, huibwa, na anayenunua bila kuuliza zilikotoka anajitafutia kesi. Alumini nayo hukimbilia kwenye tanuri. Kinachobaki kwa mtu wa mfuko mwembamba ni bati na chuma cha mapipa, na hapo ndipo ilipo biashara ninayoiamini.

Bidhaa yake kuu ni mbabula, yaani jiko la makala (makaa). Umeme hukatika, na hata unapokuwepo nyumba nyingi bado husonga bukari, yaani ugali, juu ya makala. Fundi hulaza bati, hulichora kwa msumari, hulikata kwa patasi na nyundo, kisha hukunja kingo mbili zishikane na kuzigonga mpaka zilale. Hakuna kulehemu, hakuna umeme. Mtaji ni nyundo, patasi, kipande cha reli cha kufulia juu yake, na bati lenyewe. Kelele zake husikika kabla hujamwona mwenyewe.

Mbabula ya bati tupu ni rahisi kuinunua na ghali kuilisha, kwa sababu joto hutokea ubavuni na makala huisha upesi. Mafundi wa nchi ya Kenya walilipata jibu mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipoingiza bakuli la udongo uliochomwa ndani ya jiko la bati; jiko hilo hutajwa kuokoa theluthi ya makala au zaidi. Huku kwetu udongo uko mlangoni. Vichuguu vikubwa vya Katanga ndivyo vinavyotoa matofali mengi ya mji, na udongo huohuo, ukichekechwa, ukakandwa na mchanga kidogo au majivu, unaweza kupakwa ndani ya mbabula ya zamani unene wa vidole viwili. Uache kivulini siku kadhaa, uzibe nyufa, kisha uwashe moto mdogo kwanza. Hautadumu kama bakuli lililochomwa tanurini, lakini kuukarabati hakugharimu kitu. Kati ya kazi zote za mikono za nyumbani, hii ndiyo inayorudisha fedha kila siku, maana gunia la makala ni deni la kila mwezi.

Paleti nazo zina faida yake, kwani mbao zake huwa zimekwisha kupasuliwa. Kiti, rafu ya vyombo, kitanda cha mtoto, vyote hutoka kwa msumeno na misumari iliyong'olewa ikanyooshwa. Mnunuzi aangalie muhuri tu. HT maana yake ubao ulitibiwa kwa joto. MB maana yake ulifukizwa dawa ya kuua wadudu, na huo usiingie chumbani, wala usiwe kuni za kupikia.

Mji huu una historia ya kupamba sebule kwa magunia. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa hapa walinyoosha magunia ya unga juu ya vijiti na kuyapaka rangi, wakauza picha za mamba muntu (nguva) na picha za enzi ya Wabelgiji kwa wafanyakazi wa kawaida. Tshibumba Kanda Matulu, mmoja wao, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora juu ya magunia hayo historia nzima ya nchi. Leo msanii wa mji huu, Jean Katambayi Mukendi, anatengeneza mashine na taa za ajabu kwa katoni na nyaya za shaba, na kazi zake huonyeshwa Ulaya. Taka ni zilezile. Soko ndilo limebadilika.

Lakini vyombo vilivyotoka kiwandani si vya kuchezea. Pipa lililobeba kemikali ya kusafishia madini halifai kuweka maji, hata lioshwe mara saba. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kobalti nyingi katika mkojo wa wakazi wa karibu na migodi na viwanda; hakuna haja ya kuongezea sumu nyingine jikoni. Sufuria za alumini iliyoyeyushwa mitaani nazo ni za kutahadhari: utafiti wa mwaka 2017 wa sufuria kutoka nchi 10 ulikuta karibu theluthi yake zikitoa risasi ya kudhuru.

Kinachowabana mafundi zaidi ni mnyororo wa watu kati yao na mgodi. Sheria ya Februari 2017 inazitengea kampuni za Wakongo kazi za ukandarasi mdogo, lakini fundi wa Katuba asiye na usajili wala akaunti ya benki hawezi kusaini mkataba wa kuondoa paleti mgodini. Anazipata baada ya kupitia mikono kadhaa, na kila mkono unakata chake. Mafundi kumi wangejisajili pamoja kama chama na kukodi lori moja, wangenunua langoni mwa mgodi.