KUPANDWA NA EMBANDWA: NI NGUVU GANI HIYO?

Katika vijiji vyetu vya Bukoba na Muleba, mtoto akiugua siku tatu mfululizo hakosi mtu wa kumnong'oneza mama yake: "Nenda kwa fulani. Akipandwa atakutajia aliyemroga." Yafaa basi wazazi tujue jambo hili la kupandwa ni nini, maana anayekwenda bila kujua hurudi nyumbani na jina la mtu, na jina hilo huzaa msiba.

Desturi ya wazee

Wahaya wa kale walizitumikia roho walizoziita embandwa. Mkubwa wao ni Wamara, ambaye masimulizi humtaja kuwa mfalme wa mwisho wa Wachwezi. Mugasha alishika ziwa na dhoruba. Irungu alishika pori na wanyama wake. Watumishi wao, waume kwa wake, waliitwa embandwa vilevile. Desturi za namna hii zilikuwako pia Ankole, Bunyoro, Rwanda na Burundi.

Utumishi huo haukupatikana kwa siku moja. Mtu alifundishwa, akaonywa asitoe siri. John Beattie, mtaalamu Mwingereza aliyekaa Bunyoro miaka ya 1950, aliandika kwamba huko wageni wa chama walifundishwa jinsi ya kujionyesha kama watu waliopandwa. Kumbe wengine waliigiza tu.

Mwili unavyofanya

Hata hivyo si wote waongo. Wako wanaoingia kweli katika hali iliyo kama usingizi, macho yakiwa wazi. Mtu huketi, hulegeza viungo, hupumua kwa utaratibu, huku manyanga na ngoma zikirudia mdundo mmoja. Halafu hutetemeka, na sauti yake hugeuka.

Mwaka 1975 daktari Mmarekani, Herbert Benson, alieleza kwamba mtu akitulia na kurudiarudia neno moja, pumzi na mapigo ya moyo hupungua. Mwaka 1980 Mfaransa Gilbert Rouget alionyesha kwamba ngoma peke yake haimpandishi mtu. Humpanda yule aliyefundishwa na anayetazamia kupandwa. Nasi twaliona hilo: ngoma twaipiga harusini, wala hakuna anayeanza kutabiri. Naye Erika Bourguignon, mwaka 1973, alichunguza habari za makabila na mataifa 488, akakuta kwamba tisa katika kila kumi yana desturi ya kuingia katika hali kama hizi. Basi uwezo huu ni wa mwili wa binadamu, kama kulala na kuota.

Na kama vile ndoto, maneno hutoka katika yale yaliyomo moyoni. Aliyepandwa amekaa kijijini. Amesikia ugomvi wa mpaka wa kibanja, wivu wa wake wenza, masengenyo juu ya mjane anayeishi peke yake. Akifumba macho husema yale ambayo kijiji kimekwisha kunong'ona. Ndiyo sababu twamwamini upesi: ametutajia yule tuliyemshuku tangu zamani.

Matunda yake

Mwezi wa Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Mauaji hayakuisha. Mwaka 2024, hapa kwetu wilayani Muleba, mtoto mwenye ualbino asiyetimiza miaka mitatu alichukuliwa kwao, akaokotwa amekufa. Kati ya walioshtakiwa alikuwamo mganga wa jadi, na alikuwamo padre. Hukumu ni ya mahakama. Lakini tusidhani kwamba tamaa ya nguvu za uchawi hukaa kwa wasiobatizwa peke yao.

Siku hizi mafundisho hayo huwafikia vijana hata kwa simu, yakiwa na majina mapya: tulia, legeza mwili, zama ndani, kisha amuru upate fedha au mchumba, au adui yako aadhibiwe. Nguo ni mpya, mwili ni ule ule.

Tushike lipi?

Utulivu si dhambi. Wakunga humfundisha mama kupumua polepole wakati wa uchungu, na ni vema. Mwaka 1989 Roma ilitoa barua juu ya namna za kutafakari: haikukataza njia za kutuliza mwili, bali ilionya tusidhani kwamba raha ya mwili ndiyo sala. Sala ni kuongea na Mungu na kumwachia apendavyo; uchawi ni kutaka kumiliki na kuamuru.

Tusiwadharau wazee wanaojua majani ya dawa. Sheria ya mwaka 2002 inaitambua tiba ya asili. Lakini mtoto akiwa na homa, apelekwe zahanati akapimwe malaria siku ile ile. Mtu akisema ana pepo, paroko aambiwe, kwa maana hakuna padre awezaye kupunga pepo rasmi bila ruhusa ya askofu.

Kumbukeni yule kijakazi mwenye pepo wa uaguzi kule Filipi. Paulo alipomponya, mabwana zake hawakufurahi hata kidogo, kwa kuwa mapato yao yalikuwa yamekoma. Nasi tuulize: ni nani anayepokea fedha?

Na ukitajiwa jina la jirani, ee mzazi, usilibebe mpaka nyumbani. Liache pale pale lilipotajwa. Huenda kwa kufanya hivyo umeokoa maisha ya mtu.