Ujazo wa Magimba Yanayotokana na Mzunguko

Umbo bapa linapozungushwa duru nzima kandokando ya mstari ulionyooka, ambao wanahisabati huuita mhimili, nafasi yote linayoipitia huwa gimba lenye ujazo wake: mstatili ukizungushwa kwenye ubavu wake huzaa mcheduara, nusu duara ikizungushwa kwenye kipenyo chake huzaa tufe, na pembetatu yenye pembe mraba ikizungushwa kwenye mojawapo ya pande mbili zinazounda pembe hiyo huzaa gimba liitwalo pia. Wanafunzi wengi huikariri kanuni ya kila gimba peke yake bila kuonyeshwa kwamba zote zinatawaliwa na sheria moja, iliyoelezwa na Pappus wa Alexandria, nchini Misri, katika karne ya 4.

Sheria hiyo yasema kwamba ujazo wa gimba ni eneo la umbo lililozungushwa, likizidishwa kwa urefu wa njia inayopitiwa na kitovu cha eneo hilo, yaani nukta ambayo ubao wenye umbo lilo hilo na unene ulio sawa kila mahali ungeweza kuegemezwa juu ya ncha ya msumari usiinamie upande wowote. Sehemu zilizo mbali na mhimili husafiri mwendo mrefu kuliko kitovu, zilizo karibu husafiri mfupi, na ziada ya zile hufidia kikamilifu upungufu wa hizi, mradi mhimili usilikate umbo lenyewe. Paul Guldin, Mjesuiti wa Uswisi, aliitangaza upya katika karne ya 17 bila uthibitisho wa kutosha. Bonaventura Cavalieri, ambaye Guldin aliipinga vikali mbinu yake ya kuyachambua maumbo kuwa mistari isiyogawanyika, akaonyesha kwamba mbinu hiyo hiyo yatosha kuithibitisha.

Pembetatu yenye pembe mraba, kitako cha sentimita 3 na kimo cha sentimita 4, ikizungushwa kwenye kimo chake, ina eneo la sentimita za mraba 6, na kitovu chake, kilicho sentimita 1 kutoka kwenye mhimili, husafiri sentimita 2π. Ujazo ni 12π, sawasawa na ule wa kanuni ya pia. Kwa pete nene, itokanayo na duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 2 ambayo kitovu chake kiko sentimita 5 kutoka kwenye mhimili, 4π huzidishwa kwa 10π, na jibu ni takriban sentimita za ujazo 395.

Uzuri mkubwa zaidi wa sheria hii ni kwamba hutumika pia kinyume: kwa kuwa ujazo wa tufe umejulikana tangu enzi za Archimedes, kuugawanya kwa eneo la nusu duara, kisha kwa 2π, hudhihirisha kwamba kitovu cha nusu duara kiko umbali wa takriban 0.42 ya nusu kipenyo kutoka kwenye kipenyo chake.