Dola Tano za Ford na Sikukuu ya Mfanyakazi

Kijana wetu anapopata kazi ya kiwandani, swali la kwanza tunalomwuliza ni kiasi cha mshahara. Ni swali la haki. Lakini ujira huwa na masharti yake, na mengi hujitokeza mtu akiwa amekwisha kuingia kazini. Katika makala yetu ya leo tunasimulia yaliyowapata wafanyakazi wa kampuni ya magari ya Ford katika mji wa Highland Park, jimbo la Michigan, Marekani, ambao miongoni mwao walikuwamo Waislamu waliohajiri kutoka nchi ya Sham.

Mwaka 1913 kampuni hiyo ilianza kutumia mstari unaotembea. Chesisi ilivutwa mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja akafanya kitendo kimoja tu, kutwa nzima. Kazi ya kuiunganisha, iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12, ikawa ya dakika 93. Kwa tajiri hiyo ilikuwa neema. Kwa kibarua ilikuwa mateso, na watu waliacha kazi kwa makundi. Mwaka huo, ili ibaki na wafanyakazi wapatao 14,000, kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya 50,000.

Ndipo Januari 5, 1914, Henry Ford akatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, takriban mara mbili ya ujira wa awali. Maelfu walijazana langoni katika baridi kali, hata wakatawanywa kwa mipira ya maji.

Hata hivyo, dola hizo hazikuwa mshahara mtupu. Karibu nusu yake ilihesabiwa kuwa mgawo wa faida, na alipewa yule tu aliyeonekana kustahiki. Kampuni ilituma wakaguzi majumbani kutazama usafi wa vyumba na kuuliza habari za ndoa, akiba, wapangaji na ulevi. Kukataza ulevi ni jambo jema, na sisi tungekuwa wa mwisho kulilaumu. Lakini mwajiri alinunua saa 8 za mtu. Hakununua kizingiti cha nyumba yake. Nasi tuliofunzwa tangu utotoni kutoingia nyumba ya mtu bila ya hodi na idhini tunaijua tofauti hiyo.

Lililo zito zaidi lilitokea mwezi ule ule wa Januari. Wafanyakazi baina ya 800 na 900, Wagiriki na Warusi wa madhehebu ya Orthodox, hawakufika kazini kwa kuwa kwa kalenda yao ilikuwa ndiyo Krismasi. Wakafukuzwa. Hoja ya kampuni ilikuwa kwamba mwenye kutaka kufanya Marekani kuwa makazi yake na ashike sikukuu za Marekani. Hawakuwa Waislamu, lakini yeyote aliyewahi kumwomba mnyapara ruhusa ya Idi ataielewa habari hii bila ya kufafanuliwa.

Waislamu wa Highland Park walijenga msikiti wao mwaka 1921, si mbali na kiwanda. Haukudumu. Wenyewe walihitilafiana, na kazi nayo ikahamia katika kiwanda kikubwa cha Rouge, mjini Dearborn. Wengi waliifuata kazi huko, na kabla ya miaka ya 1930 kwisha wakainua msikiti mwingine jirani na kiwanda hicho. Mkataba wa kwanza na chama cha wafanyakazi Ford iliutia saini mwezi Juni 1941, baada ya mgomo.

Mtu asidhani kuwa hayo yamepita na watu wake. Januari 2016, katika mji wa Brillion, jimbo la Wisconsin, kiwanda cha Ariens, kinachotengeneza mashine za kukatia majani na kuondolea theluji, kiliwataka wafanyakazi wake Waislamu wasali katika mapumziko mawili yaliyopangwa tu, kila moja la dakika 10. Awali walikuwa wakiruhusiwa kuondoka kwenye mstari kwa zamu. Magharibi, kama tujuavyo, haingoji kengele ya kiwanda. Wasomali 53 walitoka kazini kwa kupinga. Baadaye 7 walifukuzwa, 14 wakajiuzulu, na waliosalia wakaendelea na kazi kwa ratiba ile.