Vipande vya Lango la Ofisi
Kampuni ya Microsoft ilipolitoa lango la SharePoint mwaka 2001, ilikusudia kuwapa wafanyakazi wa ofisi kubwa mahali pamoja pa kuhifadhi nyaraka na kupashana habari. Lakini kwa kuwa kila idara ina desturi na haja zake, ilibidi mafundi waruhusiwe kuunda vipande vyao wenyewe vya programu na kuvipachika katika kurasa za lango hilo. Kipande kimoja, mathalani, huonyesha maombi ya likizo yanayongojea idhini. Na karani mwenye ruhusa, pasipo kugusa hata herufi moja ya msimbo, hufungua kidirisha cha pembeni akabadili kichwa cha kipande hicho au idadi ya mistari inayoonekana.

Zamani vipande hivi viliendeshwa ndani ya seva yenyewe, na hapo ndipo ilipokuwa hatari, maana kosa la fundi mmoja liliweza kuwakatizia kazi watumiaji wote. Tangu mwaka 2017, utaratibu uitwao SharePoint Framework huviendesha katika kivinjari cha mtumiaji, vikiandikwa aghalabu kwa lugha ya TypeScript. Nayaona mageuzi haya kuwa ya busara kubwa. Walakini kipande hufanya kazi kwa ruhusa zile zile za mtu aliyefungua ukurasa, hivyo msimamizi hana budi kukikagua kwa makini kabla hajakiidhinisha.