Kwa nini muvi ya kwenye flashi inaishinda ya kulipia?

Ukiuliza kwa nini watu wanatazama filamu za wizi, utapewa majibu mawili haraka haraka. La kwanza: watu hawana maadili, wamezoea vya bure. La pili: watu hawana pesa, sasa wafanyeje? Yote mawili yana ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba hayaelezi kwa nini mtu yuleyule, mwenye mshahara uleule na maadili yaleyale, anasikiliza muziki kwa njia halali leo, halafu kesho anawekewa msimu mzima wa tamthilia kwenye flashi bila wasiwasi wowote.

Bahati nzuri, wachumi wamekuwa wakilichunguza swali hili kwa zaidi ya miaka 20, tangu Napster ilipoanza mwaka 1999 na muziki ukaanza kusambaa mtandaoni bila malipo. Walichokipata kwa kifupi ni hiki: mtazamaji halinganishi "bure" na "kulipia". Analinganisha gharama nzima ya njia moja na gharama nzima ya njia nyingine, na pesa ya kifurushi ni kipande tu cha gharama hiyo. Hebu tukipasue kipande kimoja kimoja.

Bei ya kwenye tangazo

Mwaka 2011 taasisi ya Social Science Research Council ya Marekani ilitoa ripoti ndefu iliyohaririwa na Joe Karaganis, kuhusu uharamia wa filamu, muziki na programu katika nchi kama Afrika Kusini, Urusi, Brazil, Meksiko, Bolivia na India. Waandishi walitumia hesabu rahisi sana. Badala ya kubadilisha bei kuwa dola na kuishia hapo, waliuliza: bei hii ni sehemu gani ya kipato cha mtu wa nchi hii, na sehemu hiyohiyo ingekuwa dola ngapi kwa Mmarekani? Hitimisho lao lilikuwa kwamba uharamia katika nchi hizo ni kwanza kabisa tatizo la bei: bidhaa ghali, vipato vidogo na teknolojia ya kunakili ambayo kila mtu anaimudu.

Tuifanye hesabu hiyo kwetu. Pato la wastani la mtu mmoja Tanzania ni kama dola 1,200 kwa mwaka. Marekani linazidi dola 80,000. Ukigawanya, unapata zaidi ya mara 65. Kwa hiyo kifurushi cha dola 4 kwa mwezi, ambacho kwenye tangazo kinaonekana cha bei poa, ni sawa na kumwambia Mmarekani alipe zaidi ya dola 250 kila mwezi ili atazame tamthilia. Wangapi wangekubali? Wastani huficha mengi, najua. Wapo Watanzania ambao dola 4 hawaihisi kabisa. Lakini hesabu hii inaonyesha kwa nini bei iliyopangwa kwa ajili ya soko la matajiri haiwezi kuletwa huku ilivyo. Kampuni zenyewe zimeliona hilo. Mapema 2023 Netflix ilishusha bei katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, na katika baadhi ya nchi inauza kifurushi cha kutazamia kwenye simu tu, kwa bei ya chini zaidi.

Bando, malipo na leseni

Haya, tuseme bei imeshuka. Bado kuna bando. Video ya ubora wa kawaida hula takriban GB 1 kwa saa, na ya ubora wa juu, ile ya HD, inaweza kufika GB 3. Msimu mmoja wenye vipindi 10 vya saa moja ni GB 10 kwa makadirio ya chini. Chukua bei ya bando unalonunua wewe, zidisha, halafu linganisha na bei ya kifurushi. Kwa mtu ambaye hana intaneti ya waya nyumbani na anaishi kwa bando la simu, bando linaweza kuwa ghali kuliko filamu yenyewe.

Halafu kuna njia ya kulipia. Huduma nyingi za kimataifa zilibuniwa zikiamini kwamba kila mteja ana kadi ya benki. Huku kwetu mambo yalikwenda njia nyingine: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na watu wengi wakaingia kwenye malipo ya kidijitali bila kupitia kadi. Matokeo yake, mtu anaweza kununua umeme wa luku na kulipa ada ya mtoto kwa simu, lakini akakwama kwenye ukurasa wa kulipia filamu. Kadi pepe za pesa za simu zimepunguza tatizo, ila ni hatua ya ziada, na kila hatua ya ziada inapoteza wateja.

Mwisho kuna leseni. Haki za kuonyesha filamu huuzwa nchi kwa nchi au kanda kwa kanda. Ndiyo maana unaweza kulipa vizuri, ukafungua programu, na kukuta tamthilia ambayo kila mtu anaizungumzia haimo kwenye orodha ya nchi yako. Hapo hata mwenye pesa, bando na kadi amegonga ukuta.

Duka la kuweka muvi linafanya kazi gani hasa?

Sasa tuangalie upande wa pili: yule jamaa wa mtaani mwenye kompyuta moja, diski kubwa na karatasi ukutani yenye orodha ya misimu mipya. Tusahau sheria kidogo, tumwangalie kama mhandisi wa mitandao angemwangalia.

Anapakua filamu mara moja, labda usiku bando likiwa nafuu, kisha anainakili kwa wateja mia. Gharama ya bando inagawanywa kwa mia. Wahandisi wanalijua wazo hili: weka nakala karibu na mtumiaji, usiifuate mbali kila inapohitajika. Netflix wana mfumo wa aina hiyo unaoitwa Open Connect, ambao kupitia huo wanaweka seva zao ndani ya mitandao ya watoa huduma za intaneti duniani kote. Tofauti ni kwamba seva hiyo inaishia kwa mtoa huduma. Kipande cha mwisho, kutoka mnarani hadi kwenye simu yako, bado unakilipia kwa MB. Duka la mtaani linakiruka kipande hicho chote. Unalipa shilingi mia kadhaa taslimu, unaondoka na faili ambalo halidai bando wala kadi, na unaweza kulitazama umeme ukirudi.

Kuna na lugha. Kwa miaka mingi hakuna studio ya Hollywood iliyokuwa ikiuza filamu zake kwa Kiswahili. Pengo hilo lilizibwa na watafsiri wa mabanda ya video: Tanzania alivuma Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, na Kampala kukawa na jeshi zima la ma-VJ wanaosimulia kwa Kiganda. Hawakuwa wakiuza nakala tu, walikuwa wakiuza kitu ambacho dukani hakikuwepo. Na kwamba mahitaji hayo yangeweza kuhudumiwa kihalali ilikuja kuonekana mwaka 2011, tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake ilipotiwa sauti za Kiswahili na kurushwa TBC. Tangu hapo tamthilia za nje zenye sauti za Kiswahili zimekuwa jambo la kawaida kwenye televisheni zetu.

Jaribio ambalo hakuna aliyelipanga

Mpaka hapa unaweza kusema hizi ni hoja tu. Ushahidi uko wapi kwamba upatikanaji wenyewe, ukiacha bei, unabadilisha tabia? Ni vigumu kuupata, kwa sababu huwezi kuchukua nchi mbili, ukaiondolea moja filamu halali, kisha ukahesabu wezi. Lakini mara chache maisha hukufanyia jaribio hilo.

Desemba 2007, kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani kiligombana na Apple na kuondoa vipindi vyake vyote kwenye duka la iTunes. Vituo vingine vikubwa vilibaki. Kwa mtafiti hii ni zawadi: una kundi lililoguswa na kundi la kulinganisha, mwezi uleule na watazamaji walewale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walifuatilia upakuaji wa torenti za vipindi vya pande zote mbili. Uharamia wa vipindi vya NBC ulipanda kwa asilimia 11.4 kwa sababu ya kuondolewa huko. Je, wateja walihamia kwenye DVD halali? Hapana, mauzo ya DVD za NBC kwenye Amazon hayakubadilika.

Matokeo mawili ya utafiti huo ndiyo yanayonivutia zaidi. Ongezeko la upakuaji haramu lilikuwa karibu mara mbili ya idadi ya vipindi vilivyokuwa vikinunuliwa iTunes kabla ya ugomvi. Maana yake, walioondoka hawakuiba tu kile ambacho wangenunua, waliiba zaidi. Na Septemba 2008 vipindi viliporudi iTunes, uharamia ulishuka kidogo tu, kiasi ambacho kitakwimu hakitofautiki na bahati. Watafiti wanaeleza hivi: kujifunza uharamia kuna gharama ya mwanzo. Lazima ujue tovuti, programu, namna ya kukwepa virusi. Ukishailipa gharama hiyo mara moja, filamu inayofuata haikugharimu kitu. Kwa lugha ya mtaani: ukishapata mtu wako wa muvi, kurudi dukani ni kazi.

Je, kufungia tovuti kunasaidia?

Kunasaidia, lakini kwa masharti. Uingereza mwaka 2012 mahakama ziliamuru watoa huduma za intaneti waifungie tovuti ya The Pirate Bay. Watafiti, baadhi yao walewale wa utafiti wa NBC, hawakuona ongezeko la matumizi ya huduma halali. Watu walihamia tovuti nyingine. Mwishoni mwa 2013 zilipofungiwa tovuti 19 kwa mpigo, matumizi ya huduma halali za kulipia kwa watu waliokuwa wakitembelea tovuti hizo yalipanda kwa takriban asilimia 12.

Hesabu ni ileile. Kufunga mlango mmoja kati ya 20 hakuongezi gharama ya uharamia. Kufunga 19 kunaiongeza. Lakini kumbuka Uingereza tayari ilikuwa na mahali pa kukimbilia: huduma halali, za bei wanayoimudu, intaneti ya waya na kadi mfukoni. Ukifunga milango mahali ambapo mlango halali haupo, sioni ni kitu gani kitapanda.

Sasa nani anaumia?

Hapa ndipo wanaotetea uharamia wanapopita haraka. Utafiti mkubwa uliofanywa na kampuni ya Ecorys kwa ajili ya Tume ya Ulaya, uliokamilika 2015 na kuwekwa hadharani 2017, uliwahoji watu karibu 30,000 katika nchi sita. Kwa jumla haukupata ushahidi imara kwamba uharamia unapunguza mauzo, isipokuwa sehemu moja: filamu mpya zinazotamba. Hapo, kila filamu 10 zilizotazamwa kiharamia zilipunguza takriban 4 ambazo zingetazamwa kihalali.

Studio ya Hollywood inaweza kulimeza pigo hilo, kwa sababu ina sinema, televisheni na mikataba ya nchi nyingi. Mtayarishaji wa Bongo Movie wa enzi za Kanumba alikuwa na DVD inayotoka Kariakoo, basi. Filamu yake ikinakiliwa wiki ya kwanza, hana mlango wa pili wa kupatia fedha za filamu inayofuata. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda, na mwaka 2013 serikali ilileta stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki. Ila stempu inabandikwa kwenye kasha, na faili la kwenye flashi halina kasha. Kwa hiyo ule utetezi wa "matajiri wa Marekani hawatafilisika" hauna nguvu filamu inapokuwa ya jirani yako.

Kinachofuata

Kama hesabu hii ni sahihi, huduma halali itakayoshinda huku ni ile itakayofanana na duka la mtaani kuliko kufanana na Netflix. Kwenye muziki mfano upo. Mdundo, iliyoanzia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2010, inampa msikilizaji faili la MP3 apakue bure na kusikiliza bila intaneti, matangazo yanalipa, na msanii anapata mgawo. Haikumlazimisha msikilizaji abadili tabia yake ya kupakua na kuhifadhi, ilihakikisha tu kwamba safari hii msanii yumo kwenye hesabu. Kwa filamu ni vigumu zaidi kwa sababu mafaili ni makubwa, lakini hakuna sababu ya kiufundi inayozuia duka lenye leseni kuuza filamu halali kwenye flashi, kulipwa kwa simu, na kumtumia mtayarishaji sehemu yake siku hiyohiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na wenye haki na kuandika mkataba wa bei ya mia kadhaa.

Siku ukisikia tena operesheni ya kukamata kompyuta za maduka ya muvi, jiulize mambo matatu. Wateja wa duka hilo wataenda wapi wiki ijayo? Njia halali itawagharimu kiasi gani ukijumlisha bando? Na filamu wanazozitaka, kwa lugha wanayoielewa, zipo huko? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakuambia kama mtayarishaji wa filamu ya Kiswahili atapata chochote kutokana na operesheni hiyo.