Mzungu Hakuitwa Hivyo kwa Kuzunguka

"Mzungu si ametokana na kuzunguka?" Swali hili halichoki kuulizwa, na karibu kila mara muulizaji huja na jibu lake mkononi: wapelelezi wa karne ya 19 walizungukazunguka bara bila makazi, wenyeji wakawashangaa, jina likazaliwa. Hadithi ni tamu, lakini utamu si ushahidi. Anayeimba ni mwimbaji, aliyechangamka ni mchangamfu. Kwa njia hizo, anayezunguka angekuwa mzungukaji, au hata mzungufu. Ili tupate Mzungu, inatubidi tukikate kitenzi mkia na kuutupa. Wapo wanaokimbilia kizunguzungu, wakidai kwamba kufanana kwa sauti kunatosha. Hakutoshi. Kaa wa baharini hakupewa jina hilo kwa sababu anakaa. Historia nayo inakataa. Kama mwendo ndio uliozaa jina, wa kwanza kuitwa Wazungu wangekuwa wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa wakibeba pembe za ndovu hadi pwani kabla wapelelezi Burton na Speke hawajaanza safari yao ya bara mwaka 1857. Tena katika bonde la Zambezi, zamani kabla ya hao wawili, jina muzungo lilikuwa la mabwana wa mashamba waliopewa ardhi na Ureno. Wengi wao walikuwa machotara, na walikaa palepale kizazi baada ya kizazi.

Neno lenye mwanga zaidi tunalo wenyewe: mzungu, wingi wake mizungu, yaani jambo la ajabu, maarifa, hila ya kustaajabisha. Limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na mizungu ndiyo mafunzo ya fumbo ambayo kungwi humpa mwali unyagoni. Naegemea huko, kwa sababu ndiko matumizi ya leo yanakoelekea. Tunasema choo cha kizungu, dawa za kizungu, mambo ya kizungu. Mtu mweusi akifika saa ileile aliyoahidi, huambiwa, "Wewe Mzungu kweli." Hapo ngozi haimo, kinachotajwa ni maarifa, mpango na uwezo. Kwa hiyo hadithi ya kuzunguka si kosa dogo la sarufi. Inatufanya tudhani jina hili linamcheka mgeni, kumbe kila siku tunalitumia kumkabidhi sifa ambazo ni zetu pia.

Je, ni tusi? Neno lenyewe hapana. Sauti na nia ndizo hulifanya tusi. Ukijua jina la mtu, mwite kwa jina lake. Ukijua taifa lake, sema Mwingereza au Mjerumani. Mtoto anayemkimbilia mgeni akipaza sauti "Mzungu!" afundishwe kuamkia. Kiingereza kiitwe Kiingereza, si kizungu. Na fundi aliyekabidhi kabati siku aliyoahidi asifiwe kwa ufundi wake, asiitwe Mzungu.