Manjano: Chakula Chema, Si Badala ya Daktari

Ni nadra kuingia jiko la Pwani ukakosa kopo la manjano. Kijiko kidogo chatosha kuupa rangi na ladha mchuzi wa samaki wa nazi, na ndiyo yapambayo viazi vya karai.

Ndani yake mna kurkumini, ambayo wataalamu wanaihusisha na kupunguza uvimbe mwilini. Lakini mwili huipokea kwa shida, isipokuwa ikifuatana na mafuta na pilipili manga. Mama zetu, wakaangao manjano kwa mafuta kisha wakatia pilipili manga na tui, hawakukosea.

Hata hivyo, twawausia: kiasi cha mchuzini hakina neno kwa walio wengi, bali vidonge vya manjano vyaweza kumdhuru atumiaye dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye mawe ya nyongo. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta tiba, kumwuliza daktari si upungufu wa tawakkul. Basi tupike, tule, tumshukuru Mola, wala tusimwachishe mzazi dawa zake kwa kutegemea kopo la jikoni.